Salamu Kwanza, kwa Amri ya Idara ya Posta na Simu

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la. Naogopa kidogo tu. Ukisoma ukaona inafanana na ya kwenu, jua umekosea, maana ya kwenu ina mambo yake na hii yetu ina mambo yetu, na sisi mambo yetu tunayapenda hivyo hivyo yalivyo.

Wageni walipoondoka wakatuachia uhuru, walituachia pia Idara ya Posta na Simu. Ndani yake mlikuwa na waya mmoja mrefu kutoka mji mkuu hadi mji wa mpakani uitwao Mwishowaya, baiskeli mbili, nyundo ya kugongea mihuri, na mimi. Mimi ni Mbwana Kisauji, mgonga waya daraja la pili. Wa daraja la kwanza alikuwa mgeni, akaondoka na kiti chake.

Kazi yangu ilikuwa simu za maandishi. Mteja anaandika maneno yake kwenye karatasi, mimi nayagonga kwa kidole, ti-ti-taa, na mwenzangu Kondo kule Mwishowaya anayasikia, anayaandika, anampelekea mwenyewe kwa baiskeli. Ilikuwa kazi ya heshima. Mtaani waliniita Bwana Kidole, na mimi nilidhani wananisifu.

Mwaka wa kwanza tulipata hasara ya kutisha, na sababu yake ilikuwa uzalendo. Stempu mpya zilikuwa na picha ya Mtukufu Rais, amevaa kofia, anatabasamu. Sheria ya posta inasema kila stempu ipigwe muhuri ili isitumike tena. Sasa nani ampige Mtukufu Rais usoni? Kwa nyundo? Mbele za watu? Karani mmoja alijaribu, tena kwa upole, kwenye sikio, na bado aliitwa mahali akajieleze. Tangu hapo tukawa tunapiga muhuri pembeni kabisa ya bahasha, mbali na Mtukufu. Wananchi nao si wajinga. Waliibandua stempu wakaibandika kwenye barua nyingine, kisha nyingine. Ilikuwepo moja imechanika kona ambayo iliizunguka nchi kuliko Rais mwenyewe. Sisi tukiiona tunasimama wima, barua inapita.

Hazina wakauliza fedha ziko wapi. Hazikuwepo. Ndipo tukaletewa Mkurugenzi Mkuu mpya, Mheshimiwa Pankrasi Lwambano, aliyesomea ng'ambo kilimo cha viazi. Tulielezwa kwamba kiazi na waya ni mamoja, vyote hupita chini kwa chini. Waya wetu ulipita juu, lakini hakuna aliyetaka kumkatisha tamaa mtu siku yake ya kwanza.

Alitukusanya ukumbini, akapanda juu ya sanduku la barua.

"Ndugu wafanyakazi! Adui wa Idara hii ni nani?"

Tukanyamaza. Maadui tulikuwa nao wengi, hatukujua anamtaka yupi.

"Ni ufupi!" akanguruma. "Wageni walitufundisha kugonga simu kama watu waliookotwa jalalani. 'Uza ng'ombe.' 'Baba amekufa.' Maneno mawili, senti zake mbili, kwisha. Je, huo ni utu? Mtu anaambiwa baba yake amekufa kabla hajaulizwa ameamkaje!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mpaka kidole cha kazi kikavimba.

Kanuni zikatoka siku ile ile. Kila simu iwe na maneno kumi na mawili, bei moja kwa wote. Ianze na salamu, na salamu iwe kamili: mwenyewe, nyumba yake, majirani na mifugo. Simu isiyo na salamu irudishwe kwa mwenyewe kwa utovu wa adabu, fedha zibaki kwa Idara. Neno la kumi na tatu linaruhusiwa, ila kwa kibali cha Waziri.

Mwenye macho haambiwi tazama. Sisi ni watu gani? Sisi ni watu ambao ukimkuta mwenzio nyumba yake inaungua, ukamuuliza habari za hapa, atakwambia nzuri. Halafu atashusha pumzi, aseme: ila. Baada ya ila ndipo penye habari. Basi mteja akisalimu sawasawa kama alivyolelewa, neno la kumi na mbili linamkuta ndio kwanza amefika kwenye ila. Simu imekwisha. Inabidi alipie ya pili. Na ya pili, kwa kuwa ni simu mpya, inaanza na salamu.

Loo! Fedha zilimiminika mpaka tukazitia kwenye magunia ya barua, na barua tukaziweka chini. Kulikuwa na mchuuzi mmoja aliyegonga simu siku nenda rudi kumuuliza kaka yake bei ya ng'ombe sokoni. Alipoifikia bei, ng'ombe wenyewe walikuwa wamekufa kwa uzee. Hakulalamika. Alisema angalau wamesalimiana. Hazina walituletea barua ya pongezi, haikuwa na stempu.

Sasa nije kwangu. Mke wangu Mwajabu alishika mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mwanamke hujifungulia kwao. Kwao ni Mwishowaya. Nikampandisha treni, ile ya mara moja kwa wiki, akachungulia dirishani, jasho linamtoka, akaniambia:

"Ukinigongea simu, tafadhali usinisalimie kuku. Niulize mimi."

"Kanuni, mke wangu."

"Najua kanuni. Mume wangu ndiye aliyezipigia makofi."

Treni ikaondoka. Nikabaki nakuna kichwa.

Lazima nimwelezee na mama mkwe wangu, Bi Mwanahija, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Ni mwanamke wa heshima zake. Tangu nimuoe binti yake hajaniona nikila, nami sijamwona akicheka. Mimi nikipita anavuta kanga kichwani. Yeye akipita mimi natazama vidole vyangu vya miguu. Yaliyo ya uzazi baina ya mtu na mama mkwe wake hayatajwi, hata kwa fumbo. Hata hali ya ujauzito wenyewe aliniletea salamu tu kwamba "mgeni wenu anakula vizuri."

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi ya siku nyingine ya treni, mashine ikaanza kulia kutoka Mwishowaya. Nikaandika:

MWANANGU HUJAMBO SISI HATUJAMBO MAJIRANI HAWAJAMBO KUKU HAWAJAMBO HABARI NZURI SANA ILA

Ikakatika. Nikairudia kuisoma. Majirani wamo. Kuku wamo. Mwajabu hamo.

Nikachukua karatasi nijibu. Shikamoo mama, hatujambo, huku salama, wazee wanawasalimu, habari za huko nzuri, ila nini? Nikahesabu. Kumi na tatu. Neno la kumi na tatu ni NINI.

Nikamwita Mwasiti wa dirisha la stempu, mwanamke mwenye akili zake. Akaitazama karatasi.

"Ondoa shikamoo."

"Mama mkwe wangu, Mwasiti! Nimnyime shikamoo?"

"Basi ondoa wazee."

"Baba mdogo akisikia kwamba sikufikisha salamu zake nitaishi wapi?"

"Bwana Kisauji," akasema, "utakufa na adabu zako."

Nikagonga kumi na mawili. NINI likabaki mezani likisubiri kibali cha Waziri, naye Waziri alikuwa ng'ambo akijifunza posta za nchi za baridi. Kwa hiyo mama wa watu alitoa pesa yake, akatuma ila, na mimi nikamrudishia ila yake ile ile.

Kupiga soga kwenye waya kulikatazwa, ilihesabiwa wizi wa maneno ya serikali. Lakini Kondo alinihurumia akachomekea: mama yako mkwe amekaa hapa ngazini analia. Nikamgongea: kuna nini? Akajibu: mambo ya kike hayo, bwana, mimi mwanamume ataniambiaje, nimemuuliza habari kasema nzuri.

Haukupita muda, ikaja ya pili.

HUJAMBO TENA MWANANGU SISI BADO HATUJAMBO MAJIRANI WAMEKUJA KUKU WAMEPUNGUA ILA HUYU

Hapo nikaelewa, jamani. Majirani hawaji nyumbani kwa mtu mpaka kuku wakapungua kama hakuna jambo. Mwajabu alikuwa na uchungu, na mtoto alikuwa hatoki. Mwishowaya hakuna daktari, kuna mkunga mmoja mwenye mikono inayotetemeka. Treni inaondoka jioni, na nyingine ni wiki ijayo. Daktari asipopanda treni ile, mke wangu hana wiki ijayo. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu, na bado nilikaa nikanyoosha kola ya shati, kwa sababu siku hiyo tulikuwa na wageni.

Ndiyo, wageni. Wataalamu kutoka ng'ambo walikuja kuangalia faida yetu, maana haikupata kuonekana idara ya simu iliyotajirika kwa kutopeleka habari. Kulikuwa na chai na sambusa ukumbini. Daktari wa serikali naye alikuwepo, Daktari Sekiku, kama alivyokuwepo popote penye sambusa. Nikamfuata.

"Daktari, mke wangu yuko Mwishowaya, hali mbaya. Twende na treni ya leo, nakuomba."

"Mimi sitoki mjini bila simu ya kuniita. Unayo?"

Nikampa zote mbili. Akavaa miwani.

"Hii ya kwanza naona habari ni nzuri sana."

"Kuna ila, Daktari."

"Naiona. Lakini, Bwana Kisauji, serikali hainilipi posho ya safari kwa ajili ya ila."

Kabla sijamjibu, Mkurugenzi akaniita kwenye mashine. Alikuwa amewazungusha wageni kila mahali, sasa anawaleta kwenye kilele.

"Waheshimiwa, hapa ndipo penye moyo wa Idara. Kwenu simu inabeba maneno. Kwetu inabeba utu! Mtaisikia sasa hivi. Bwana Kisauji, kaa."

Nikakaa. Mashine, kama iliyokuwa inasubiri, ikaanza kulia kutoka Mwishowaya. Nikaandika.

MWAJABU ANAKUFA LETE DAKTARI

Basi. Hakuna zaidi. Mkurugenzi akaivuta karatasi, akaigeuza nyuma kutafuta salamu. Watu wakabaki wameshika sambusa.

"Imekatika?"

"Haikukatika, Mheshimiwa."

"Maneno manne? Hata hujambo? Nani huyu asiye na malezi?"

"Mama mkwe wangu, Mheshimiwa."

Akaniwekea mkono begani. Uso wake ulijaa huruma ya kweli.

"Pole sana, kijana. Kumbe ulioa pabaya. Irudishwe."

Niseme kweli? Kitu cha kwanza kunijia hakikuwa hofu, ilikuwa aibu. Masikio yaliniwaka. Mama mkwe wangu, mtu wa kujifunika kanga, kunipigia kelele mbele ya wazungu! Ndivyo nilivyokuwa nimeiva. Halafu nikayasoma tena yale maneno, nikasoma la pili. Nikamchukia Lwambano, nikaichukia Idara, nikakichukia na kidole changu. Yule mama alikuwa amevua heshima yake yote ya miaka, akaitupa kwenye waya ili mwanawe apone, na sisi tulikuwa tunamrudishia ili aongeze kuku.

"Mheshimiwa," nikasema, "haijaisha. Huo ulikuwa mkia. Waya ukipata joto hutanguliza mkia, kichwa kinafuata."

Mkurugenzi akanitazama. Kisha akawageukia wageni.

"Ni kweli. Waya hufanya hivyo, hasa kiangazi. Kama viazi."

Wageni wakaandika. Mimi nikairudisha karatasi mezani, nikaegemeza sikio kwenye mashine iliyonyamaza kimya, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia, nikaandika juu ya yale maneno manne mengine manane ya kwangu mwenyewe. Nikampa.

HUJAMBO MWANANGU SISI HATUJAMBO MAJIRANI KUKU WOTE WAZIMA MWAJABU ANAKUFA LETE DAKTARI

Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akamalizia kwa vifungo vya koti. Uso ukachanua.

"Kumi na mawili! Mmeona, waheshimiwa? Mmeona ustaarabu? Binti anakufa, lakini kuku wamesalimiwa!"

Mgeni mmoja alitoa leso akajifuta macho. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga pia, kwa mazoea. Daktari Sekiku alikwisha vaa kofia.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo simu."

Nikamshika mkono nikamvuta, kikombe cha chai kikamwagikia suruali yake, sikuomba radhi. Tuliiwahi treni ikiwa imeanza kutembea. Daktari alitangulizwa ndani kupitia dirisha na akina mama wauza ndizi, mimi nikaning'inia mlangoni.

Kesho yake Kondo alikuwa stesheni na baiskeli yake. Nikaruka kabla treni haijasimama.

"Yu hai?"

Kondo akarudi nyuma hatua. "Hata hujambo, Bwana Kidole?"

"Kondo! Yu hai?"

"Yu hai. Lakini fanyeni haraka."

Daktari akapandishwa nyuma ya baiskeli, miguu inaburuzika, Kondo anakanyaga, mimi nakimbia nyuma na mkoba wa dawa. Nilikaa uani kwa mama mkwe kati ya majirani na manyoya ya kuku, na kila aliyepita aliniuliza habari za mjini. Nilijibu nzuri. Sikujua jibu jingine. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mtoto akalia. Msichana.

Waliponiruhusu kuingia, Mwajabu alikuwa mweupe midomo, lakini jicho lake lilikuwa lile lile.

"Nimeambiwa umenisalimia kuku."

"Wote."

Akacheka, kisha akalia, nami nikalia. Sikujali nani anaona.

Mama mkwe hakuonekana. Nilimuulizia, nikaambiwa yuko chumba cha uani, amejifungia, hataki kunitazama. Nikaenda nikasimama nje ya pazia, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Nyuma ya pazia ikaja sauti ndogo: "Usiniamkie, baba. Sistahili. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu wako."

"Mama, umemwokoa mwanao. Umeniokoa na mimi."

"Hata hivyo. Ningetia hujambo. Hujambo ni neno moja tu." Nikasikia anapenga kamasi. "Nilikuwa na pesa ya simu moja tu iliyobaki, baba. Nikaogopa nikianza kusalimu sitaweza kuacha."

Desturi yetu mkwe akimvunjia heshima mkwe mwenzie hutoa faini, na nilipomwambia hakuna faini baina yetu alizidi kulia, akasema kumbe nimemdharau kiasi cha kutotaka hata mbuzi wake. Basi nikakubali. Wiki iliyofuata nilirudi mji mkuu peke yangu, mama na mtoto wakibaki kupata nguvu, na mkononi nina kamba, na mwisho wa kamba mbuzi jike mwenye doa jeupe.

Mkurugenzi alinikuta naye mlangoni mwa ofisi.

"Huyu wa nini?"

Nilikuwa nimechoka kupanga maneno. Nikamwambia yote: hakukuwa na mkia wala kichwa, yale manane ni yangu, na mbuzi ni faini ya mama mkwe kwa kugonga simu bila salamu. Nikamwambia na anifukuze kazi. Mwasiti alishika mdomo.

Mheshimiwa Lwambano hakukasirika. Alimtazama mbuzi kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiyatazama mashamba ya viazi kwenye picha za ukutani kwake.

"Hebu subiri. Unataka kuniambia yuko mwananchi aliye tayari kutoa mbuzi mzima, ili tu aseme jambo moja kwa moja?"

"Mtoto wake alikuwa anakufa, Mheshimiwa."

"Ndiyo, ndiyo. Mzima kabisa. Tena jike." Akachukua kamba mkononi mwangu. "Kosa limepita kwenye waya wa Idara, kwa hiyo faini ni ya Idara."

Kanuni mpya ilitoka siku chache baadaye: Simu ya Moja kwa Moja. Mwananchi yeyote aruhusiwe kusema neno lake bila salamu na bila kuzunguka, bei mbuzi mmoja, asiwe kilema. Zizi likajengwa nyuma ya ofisi. Mimi nikapandishwa cheo nikawa mkuu wa kitengo, na siku ya kutangazwa, mtajua wenyewe nilifanya nini kwa mikono yangu.

Wateja wapo. Wenye maduka makubwa wanakuja. Serikali yenyewe ndiyo mteja mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ndiyo yenye mbuzi wengi, na siku hizi inasema na wananchi bila kuwapotezea wakati: Lipeni. Hameni. Nyamazeni.

Bi Mwanahija alikuwa na mbuzi yule mmoja tu.

Juzi nimeagizwa niwaandikie wale wataalamu wa ng'ambo taarifa ya mwaka, sehemu ya hali ya wananchi. Nimezipitia simu zote zilizotoka Mwishowaya, moja moja, nikaandika kama zinavyosema: wasio na mbuzi wote hawajambo.